Sahani Isiyorudishwa

Kwetu Kivu, sahani ya jirani hairudi tupu. Ukiletewa sombe, yale majani ya muhogo yaliyopikwa, unakula, unaosha sahani, unatia ndani yake chochote ulichonacho, hata kama ni viazi vitamu viwili, ndipo unairudisha. Mama yangu alinifundisha hivyo kabla hajafa, nami nikawafundisha wadogo zangu watatu. Shule niliiacha mapema ili wao waendelee, kwa hiyo sikuwa na mengi ya kuwafundisha. Lakini hilo niliwapa: usiwe mtu wa kukaa na sahani ya watu. Anayekaa na sahani ya watu kwetu ni mwizi, hata kama anaimba kwaya kila Jumapili.

Kwa hiyo Jumamosi ile jirani yangu alipogonga mlango na sahani mkononi, nilijua la kufanya.

Tunaishi Anderlecht, kwenye jengo refu la nyumba za serikali, ghorofa ya nne, mlango wangu na mlango wake inatazamana. Katikati kuna korido na lifti. Ni mwanamke wa umri wangu, Mroma kutoka Romania, wa wale ambao wengine huwaita Wajipsi. Anasafisha ofisi, mimi nasafisha hospitalini kule Jette, na asubuhi tulikuwa tukikutana kwenye lifti wote wawili tukiwa bado na usingizi machoni. Salamu, basi. Katika jengo letu watu wa kwake waliitwa ba-gitan, na kila kilichopotea kilikuwa kwao. Baiskeli ikikosekana chini, ni wao. Taa ya ngazi ikizimika, ni wao wameichukua.

Kwenye sahani kulikuwa na kabichi iliyoviringwa na nyama na wali ndani, kipande cha mkate, na juu ya mkate mshumaa mdogo unawaka.

"Ni kwa ajili ya mama yangu," alisema kwa Kifaransa chake, ambacho ni kama changu, kimejengwa kwa mabaki.

Nikamwambia asante. Akasimama kidogo, kama mtu anayengoja neno lingine, halafu akaondoka.

Nilikula. Niliosha sahani, ilikuwa mpya kabisa, ina ua la buluu katikati. Nilikaanga mikate, ile midogo ya mviringo ambayo watoto wetu huku wanaiita beignets, nikaijaza, nikavuka korido. Alipofungua na kuona sahani, uso wake ulifungwa kama duka. Aliipokea kwa mikono miwili, taratibu, jinsi mtu anavyopokea habari ya msiba. Mlango ukafungwa.

Mdogo wangu wa kike, yule wa mwisho, alikuwa amekuja kunitembelea. Yeye alisoma, anafanya kazi maabara. Alikuwa amesimama mlangoni mwangu akiona yote.

"Nilikuambia, yaya," akasema, maana ndivyo tunavyomwita dada mkubwa. "Bale bantu habana merci, habashukuru."

Mimi si mtu wa kulala na swali. Wadogo zangu walipokuwa wadogo na mwalimu akiwafukuza, niliwarudisha siku ileile na kuuliza kwa nini. Kesho yake nikagonga tena kwa jirani.

"Nimekosa nini?" nikamuuliza.

Akaniketisha. Mama yake alikuwa amefariki Romania, na yeye hakuweza kufika kwenye maziko. Kwao kuna kitu kinaitwa pomana. Unapika, unagawa kwa jina la marehemu, na unachogawa kinamfikia kule aliko. Si chakula tu. Hata kikombe, hata kijiko, hata sahani. Anayepokea hasemi asante, kwa sababu mtoaji si yule aliye mlangoni. Anasema Mungu amsamehe, akimtaja marehemu, na chombo kinabaki kwake.

"Uliporudisha sahani," akasema, "umemnyang'anya mama yangu. Sasa anakula mkononi."

Nikamweleza ya kwetu. Viazi vitamu, mama yangu, yote. Yeye ndiye aliyeanza kucheka.

"Kwa hiyo nisiporudisha kwenu, mimi mwizi. Na ukirudisha kwetu, mwizi ni wewe."

"Ndiyo hivyo."

"Na sisi wote tunafanya kazi ya usafi."

Akanipa sahani upya. Juu yake aliweka mikate miwili kati ya ileile niliyomletea. Safari hii nilisema neno linalotakiwa. Sahani ile iko kabatini kwangu mpaka leo.

Ndipo akaniambia habari ya sahani nyingine. Alikuwa amezunguka jengo zima siku ile, mlango kwa mlango, ghorofa kwa ghorofa. Watu walipokea. Jioni aliposhusha taka, alizikuta kwenye chumba cha mapipa, na kabichi zake ndani, na mishumaa yake.

Nilijua nani alianza. Kwenye ghorofa ya tatu, chini yetu, anakaa mkubwa wa chama chetu cha akina mama wa Kongo. Sote tunamwita maman présidente. Ni mtu wa msaada, nisimseme vibaya. Mtu akifiwa, yeye ndiye wa kwanza kufika na sufuria. Lakini alikuwa amesema kwenye lifti, mbele yangu, kwa sauti ya kuhubiri: "Chakula ya mufu? Na bougie juu yake? Apana. Ile ni kindoki, ni bulozi, munatupa."

Mwaka ulipokaribia kutimia tangu mama yake afe, jirani alinijia na ombi. Kwao mwaka wa msiba ukitimia, meza inakuwa kubwa. Ndugu zake wangekuja kutoka Gent na Charleroi, na nyumba yake ni chumba kimoja na jiko. Alitaka ukumbi wa parokia, ule ambao chama chetu huutumia Jumamosi na kutunza funguo zake. Meza ile isipowekwa, mama yake angekaa kule na njaa, na watu wote wa kwao wangejua kwamba binti mkubwa ndiye aliyemwacha. Kwao kama kwetu, mkubwa ndiye anayebeba.

Nilipeleka ombi kwenye mkutano wa chama.

"Bon," maman présidente akasema, funguo za ukumbi ziko mapajani. "Donc weye unataka tubapatie ba-gitan salle. Halafu siye tukuye tukute hata viti haiko."

"Maman, ni matanga ya mama yake."

"Mi sikatazi muntu kulia mama yake. Alie kwake."

"Kwake ni chumba kimoja."

"Alors apunguze bantu."

Wakacheka. Mmoja wa nyuma akaongeza: "Banaibaka hata ampoule ya ku ngazi."

"Ile ampoule niliona concierge wa jengo mwenyewe anaitoa," nikasema. "Iliungua."

"Weye unabateteaka. Balikupatia nini?"

"Kabichi."

Wakacheka tena, na mimi nikangoja wamalize. Kisha nikauliza: "Ku tramu, kama umekaa karibu na madame muzungu, anafanyaka nini na sac yake?"

Hapo hakuna aliyecheka. Kila mmoja wetu anaijua ile mikono inayovuta mkoba kuelekea tumboni.

"Ile ni ingine," maman présidente akasema. "Siye tunajulikana."

"Na nani, maman?"

Akafunga mkutano kwa sala.

Wakati huohuo, kwenye nyumba ya mtaa, ile ya shughuli za wakazi, kijana mmoja wa kike wa hapa Brussels alikuwa anatengeneza filamu fupifupi. Alitaka wanawake wa Kiroma wa mtaa wetu wasimulie maisha yao wenyewe, halafu filamu zionyeshwe kwa watu wanaowaogopa. Alikuja kwa jirani yangu. Jirani akakubali, kwa sharti moja.

"Sitaongea na mashine. Huyu akae pembeni ya mashine, nitamwambia yeye."

Basi nikaketi pembeni ya kamera, jikoni kwake, karibu na friji. Binti wa filamu alikuwa na moyo mzuri na haraka nyingi. Alitazama suruali ya jirani na fulana yake ya kazi, akauliza kwa upole kama hana ile sketi ndefu ya maua. Akauliza kama angeweza kucheza kidogo, dirishani, penye mwanga. Akauliza kuhusu gari la kuhamahama.

"Sijawahi kulala kwenye gari," jirani akasema. "Mama yangu alikuwa na nyumba ya matofali. Alipaka ukuta kijani kila Pasaka."

"Ni kwa ajili ya picha tu," binti akasema. "Ili watu waelewe haraka."

Nikaomba nafasi ya kusema neno, ingawa si mimi niliyeitwa kurekodiwa.

Nikamweleza kwamba nilipokuwa msichana, tulipovuka mpaka na wadogo zangu baada ya wazazi kufa, mtu mmoja mwenye kamera alifika kambini. Alitupanga. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa amevaa viatu vyekundu. Mama alivinunua kabla ya vita, vikubwa kidogo ili avikulie. Mtu yule akaniomba nimvue mtoto viatu, kwa picha tu. Wakimbizi aliokuwa nao kichwani mwake hawakuwa na viatu. Nikamwambia hapana. Akaniambia picha hizi ndizo zitakazoleta msaada. Nikamwambia msaada uje ukute viatu miguuni. Akatutoa kwenye mstari, akapiga wengine.

Binti wa filamu aliona haya usoni, na ninamheshimu kwa sababu hakujitetea.

"Basi tufanye nini?" akauliza.

"Ana pilipili hoho alizochoma, za kumenya," nikasema. "Muache amenye."

Jirani alimenya pilipili hoho na kusimulia. Hakumaliza sentensi zote, na hakuna aliyemsaidia kuzimaliza. Alisema shuleni kwao watoto wa Kiroma walikaa benchi la nyuma, na kitabu kilipofika nyuma kengele ilikuwa imeshalia. Alisema yeye ni mkubwa wa watoto sita na alitoka shuleni baba alipoumia mgongo. Alisema hapa Brussels akikaa kwenye tramu, anayekaa karibu anahamisha mkoba upande wa pili. "Na mimi nahamisha wangu," akasema. "Simjui huyo. Pengine ni mwizi." Alisema mlinzi wa dukani humfuata kila anapogeuka, kwa hiyo siku hizi humpa abebe mafuta ya kupikia, maana wanaelekea njia moja. Mwisho akasimulia habari ya sahani, akinionyesha kidole pale nilipokaa, na kwenye filamu inasikika sauti yangu nikicheka bila kuonekana.

Filamu ilionyeshwa Jumapili moja baada ya misa, kwenye ukumbi uleule. Padri alikubali, na akina mama wakabaki kwa sababu kulikuwa na chai. Jirani alikaa kiti cha mwisho, karibu na mlango, kama mtu anayejua njia ya kutokea. Nikahama kutoka mbele nikakaa naye.

Waliangalia. Kwenye mlinzi na mafuta ya kupikia, ukumbi ulivunjika kwa kicheko. Yule aliyesema habari ya ampoule alijipiga paja. "Ata miye bananifuataka vile! Kesho nitamupatia na mufuko ya muchele." Kwenye habari ya sahani wakaanza kunong'onezana, na nikaona wengine wakihesabu moyoni walichofanya na zile walizopewa. Maman présidente alikaa mstari wa mbele. Alicheka palipochekesha. Alifuta macho palipotajwa ukuta wa kijani.

Taa zilipowashwa, nikasimama. "Maman, sasa tunaomba salle."

Alifikiri. Sitasema hakufikiri.

"Filamu ni muzuri," akasema. "Huyu maman ni muntu muzuri, nimemuona. Lakini njo yeye moja. Balongo bake sibajue. Salle ni non."

"Ulimuona yeye moja juu filamu ni ya yeye moja. Tupige filamu ya kila ndugu wa Charleroi ndipo wapate kula?"

"Usinipandishie sauti."

"Sipandishe. Nauliza."

"Nimesha kusema, non. Kama ni kitu ya watu wote, kuko na sheria."

Niligeuka kwa jirani kumtafsiria, lakini neno lile halihitaji mkalimani. Alikuwa ameshavaa koti. Aliniambia kwa sauti ndogo kwamba si kitu, atapika kidogo, ataita watu wachache, mama yake ataelewa. Nilijua ile sauti. Ndiyo niliyotumia mimi nilipowaambia wadogo zangu kwamba mimi nimeshakula.

"Hapana," nikasema, na nikarudi kwa Kiswahili ili wote wasikie. "Sawa, maman. Funguo kaa nazo. Meza itakaa ku korido. Nimelea batoto batatu bila kuomba muntu ruhusa, sitaanza leo. Anayetaka kupita ku lifti, atapita katikati ya meza."

"Korido ni ya watu wote," akasema.

"Njo maana."

Siku yenyewe tulifungua milango yote miwili. Meza yake, meza yangu, mlango wa kabati uliolazwa juu ya makreti, na meza ya kupigia pasi ya mtu wa ghorofa ya tano ambaye hata hakuuliza ya nini. Zilianzia dirishani kwake, zikavuka korido mbele ya lifti, zikaishia kwenye kitanda changu. Juu tulitandika mashuka meupe. Ndugu zake walifika na watoto na mabibi, wakakaa ndani kwangu kama kwao. Hakuna kijiko kilichopotea, na ninaandika hivyo kwa hasira, kwa sababu hakuna mtu ambaye angeniomba niandike hivyo kuhusu wageni wengine.

Mdogo wangu wa maabara alikuja. Nilikuwa nimemkumbusha habari ya viatu vyekundu, ambayo yeye haikumbuki, alikuwa mdogo mno. Kwenye simu hiyohiyo akaniuliza saa ya kufika. Alikuja na bakuli la sombe limefunikwa kwa karatasi ya aluminiamu. Nyuma yake, kwenye ngazi, wakapanda akina mama watano wa chama, yule wa ampoule akiwa mbele, kila mmoja na chombo chake. Nilikuwa nimewaalika na kuwaeleza wasilete kitu. Lakini mtu wa kwetu hawezi kwenda msibani mikono mitupu. Angeona aibu mpaka kwa watoto wake.

Jirani alitazama vyombo vile, akanivuta pembeni.

"Siwezi kuviweka. Chakula cha mama yangu lazima kitoke mkononi mwangu."

"Ukivikataa, hawatarudi tena."

Akasimama katikati ya korido, anashika kichwa. Kisha akauliza, "Wao wana wafu?"

"Nani hana?"

Akachukua mishumaa kutoka kwenye pakiti, akapita kwenye kila sahani ya sombe na ya makayabo, samaki wa chumvi, akachomeka mmoja mmoja kwenye vipande vya mkate kando yake. "Hivi ni vya wa kwenu," akasema. "Waambieni waje. Nafasi ipo."

Akina mama walitazamana. Sikuona mtu akitaja kindoki. Yule wa ampoule alisema jina la mtoto wake, aliyemwacha Uvira. Wa pili akasema la mume.

Ilipofika zamu yangu jirani aliniuliza mama yangu aliitwa nani. Wazazi wangu hawakupata matanga. Tulikimbia siku ileile, na nilikuwa na watoto watatu mkononi. Baadaye kulikuwa na kambi, halafu kazi, halafu Brussels, na wadogo zangu waliposema mama walikuwa wakiniita mimi. Jina lake lilikuwa limekaa kinywani mwangu miaka yote bila kutoka. Nililitoa pale, mbele ya lifti. Mdogo wangu alilirudia polepole, kama neno la lugha anayojifunza. Jirani akawasha mshumaa.

Lifti ilifunguka baadaye kidogo. Ndani alikuwemo maman présidente na mifuko ya soko. Alikuwa anakwenda ghorofa ya tatu, lakini mtu wa ghorofa yetu alikuwa ameita lifti kabla yeye hajabonyeza, nayo ikampitisha kwake ikamleta kwetu. Mlango ulipofunguka, kona ya meza ilikuwa karibu na magoti yake.

"Mi naenda chini," akasema.

"Umeshafika mezani, maman," nikamjibu.

Akina mama watano walitafuta pa kuangalia. Yeye aliwaona wote, mmoja mmoja, na vyombo vyao. Jirani alikuwa ameshapakua. Kabichi, mkate, mshumaa, sahani mpya yenye ua la buluu. Aliinyoosha juu ya meza mpaka ndani ya lifti, mkono ukikaa hapo hewani. Mlango ulitaka kujifunga, nikauzuia kwa mguu. Sikuuzuia ili kumlazimisha. Nilitaka tu asije akasingizia mlango.

Akaweka mfuko mmoja chini. Akapokea.

"Mer..." akaanza, akasita. Filamu aliiangalia mpaka mwisho, hilo nalijua. "Mungu amusamehe mama yako," akasema kwa Kiswahili.

Jirani hakuhitaji tafsiri. Nikaondoa mguu.

Wiki zikapita na sahani haikurudi. Maman présidente ni mtu wa kurudisha hata kofia ya chupa. Kwenye chama chetu amewahi kumsimamisha mtu mbele ya wote kwa sababu ya bakuli. Nilingoja, na haikurudi.

Siku moja nilishuka kwake kuchukua funguo, zamu ya kufagia ukumbi ilikuwa yangu. Nikaiona mezani kwake, karibu na dirisha, ua la buluu limejificha chini ya nyanya. Akaona kwamba nimeona.

"Unaangalia nini?"

"Nyanya."

Akanipa funguo.

"Mwaka kesho atafanya meza tena," nikamwambia. "Kwao inarudiwa. Nitakuja kuomba salle."

"Nitakuambia non."

"Na meza itakaa ku korido."

Akachagua nyanya moja iliyoiva, akaikata, akanipa nusu kwenye kiganja, bila sahani.